Bodi ya Mzee Athumani

Siku ile dukani tulikuwa wanne. Alikuwepo Mzee Athumani, mwenye duka, aliyenifundisha kazi. Alikuwepo Mwalimu Kastori, mwalimu wa taaluma wa sekondari moja kule Mbuji. Alikuwepo Mama Anzigari, mkulima wa kahawa wa kijiji hichohicho, ambaye binti yake alikuwa kidato cha nne katika shule hiyo. Na mimi Skolastika, ambaye wengi wenu mnaniita Dada Skola. Nawataja wote mapema kwa sababu habari hii inaposimuliwa hapa stendi ya Mbinga, kila mwaka watu wanaongezeka. Nimeshakutana na kijana aliyenieleza kwamba yeye ndiye aliyeshika tochi. Hapakuwa na tochi. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Nimeacha kazi mwezi uliopita. Mkono wa kulia unatetemeka, na fundi ambaye mkono unatetemeka ni hasara kwa mwenye mashine. Ninyi mnaobaki kwenye zile meza mliniomba niandike ninayoyajua kuhusu kompyuta isiyoitambua diski yake, kwa kuwa ndiyo kazi inayowarudia kila wiki. Nitaandika. Lakini siwezi kuiandika bila kueleza nilivyoipata kazi yenyewe, wala bila kueleza siku ile.

Baba na mama walifariki ndani ya mwaka mmoja. Mimi nilikuwa kidato cha pili, na nyuma yangu walikuwapo Benno, Fausta na Deo, ambaye hata darasa la kwanza alikuwa hajaanza. Baada ya matanga, baba wadogo na wajomba walikaa wakatugawa: huyu aende Liparamba, huyu abaki Mbuji, wawili waende kwa shangazi. Nikasema hatugawanyiki. Mjomba mmoja akaniuliza, "Utawalisha nini?" Jumatatu iliyofuata sikwenda shule, nilikwenda mjini kutafuta jibu.

Mzee Athumani alikuwa na duka la betri na redio. Baba yake alitokea pwani na biashara ya nguo, akaoa huku, akazikwa huku. Nilimwamkia, akaniitikia, akaniuliza kama najua kukaa kimya. Nikakaa kimya. Akanipa kopo la maziwa ya unga lililojaa skrubu za kila aina, akasema, "Zitenganishe." Kazi hiyo ilinichukua siku mbili. Siku ya pili jioni akachukua skrubu moja katika kila fungu, akaijaribu kwenye tundu lake, akarudisha kopo chini ya meza na kusema, "Kesho njoo mapema, ufagie kwanza." Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya ajira.

Miaka ya redio siwaelezi, hamzifungui tena. Kompyuta zilipoanza kufika Mbinga, kwanza kwenye ofisi na misheni, baadaye mashuleni, Mzee alinunua moja iliyokufa, akaifungua mezani, akaniambia, "Hii hata mimi siijui. Tutakuwa wajinga wawili." Tukawa wajinga wawili kwa karibu mwaka mzima. Nadhani ndiyo sababu alinifundisha vizuri. Hakuwahi kujifanya anajua.

Kanuni yake ya kwanza ilikuwa kuuliza kabla ya kufungua. Alikuwa akisema mashine haidanganyi, mwenye mashine ndiye hudanganya, tena mara nyingi bila nia mbaya. Aliwahi kuja karani mmoja, amebeba kompyuta begani kutoka ofisini, amechoka, amekasirika, anasema haioni diski. Nikabadilisha waya wa data, nikabadilisha waya wa umeme, kisha ndipo nikaangalia ndani vizuri. Diski haikuwemo. Nikamuuliza. Akafikiri kidogo, akafungua mkoba wake, akaitoa. Alikuwa anaichomoa kila jioni ili wenzake wasitumie mashine yake, na siku hiyo alisahau kuirudisha. Hakuomba radhi. Alisema, "Basi haijapotea."

Kwa hiyo ulizeni. Ilianguka? Ililoa? Umeme ulikatika? Nani aliifungua kabla yangu? Kisha anzeni na waya. Chomoeni waya wa data, wekeni mwingine mnaoujua ni mzima, jaribuni tundu lingine. Nusu ya diski "zilizokufa" mikononi mwangu zilikuwa na waya uliolegea kwa sababu ya kubebwa kwenye pikipiki. Baada ya hapo, angalieni kama mashine inaitaja diski kwenye ule ukurasa wa mwanzo, kabla ya kitu kingine chochote kuwaka. Ikitajwa pale lakini haionekani ukishaingia ndani, ugonjwa uko kwenye mpangilio wa vilivyoandikwa, na hapo msikubali kubonyeza lile swali linalowaomba muisafishe upya. Wengi wamefuta maisha ya watu kwa kukubali swali.

Ikiwa haitajwi popote, sikilizeni. Mimi nilitumia bisibisi. Ncha juu ya diski, mpini sikioni. Diski nzima inavuma kama nyuki walio mbali. Inayogonga, tak, tak, tak, imeumia ndani. Izimeni mara moja, kila pigo moja linakwangua kitu. Na ile iliyo kimya kabisa, isiyotetemeka hata ukiiweka kiganjani, hiyo mara nyingi imeungua bodi, kile kibao cha kijani kilicho chini yake, na yaliyoandikwa ndani yanaweza kuwa salama. Hiyo ya tatu ndiyo iliyoletwa na Mwalimu Kastori.

Ilianza kwa simu, siku nne kabla. Mvua iliwahi mwaka ule, ikaja na upepo.

"Shikamoo Dada Skola."

"Marahaba, Mwalimu. Habari za Mbuji?"

"Bati la ofisi limeruka. Kompyuta imeoga."

"Umeiwasha?"

"Bado."

"Usiiwashe. Na daftari la alama?"

"Lilikuwa juu ya kompyuta. Wino umetiririka wote, dada. Limebaki la bluu tupu."

Nilimwelekeza kufungua ubavu wa mashine, kutoa skrubu nne na kuchomoa diski. Alifanya vizuri, ana mkono mtulivu. Akaniuliza aikaushe kwa kitu gani. Mbele yangu alikuwa amesimama mteja mwingine, anagonga kaunta kwa funguo. Nikasema, "Mwalimu, wewe si mtu wa Mbuji? Ianike kama kahawa." Akacheka. Nami nikacheka, nikakata simu.

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi kuliko sala zangu. Kosa hili asingelifanya fundi wa Tanga wala wa Dodoma. Mtu wa huku ukimwambia anika kama kahawa, hafanyi mzaha.

Jumanne yake wakafika. Mama Anzigari alikuwa ameifunga diski kwenye kitenge, ameibeba mapajani njia nzima. Kichanja chake cha kuanikia kahawa ndicho kilichokuwa bora kijijini, kwa hiyo Mwalimu alimkabidhi yeye.

"Niliigeuza kila saa," alimwambia Mzee Athumani. "Jua likiwa kali naifunika isije ikapasuka. Jioni nafunika nailoni, umande usiipate. Siku tatu. Kahawa yangu mwenyewe mwaka huu sijaigeuza hivyo."

"Ukaing'ata kuona kama imekauka?" Mzee akamuuliza.

"Mzee, ingekuwa laini ningeing'ata."

Walicheka wote watatu. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuona kosa langu. Nilimuuliza Mwalimu kama aliiwasha baada ya kuianua. Aliiwasha. Ilinuka kidogo, akazima.

Nikafungua bodi. Kati ya bodi na mwili wa diski kuna kipande chembamba cha sponji. Juu, diski ilikuwa kavu kama mfupa. Sponji ilikuwa na maji. Kahawa hupumua, ukiifunika nailoni usiku inatoa unyevu wake, asubuhi unafunua unaendelea. Diski haipumui hivyo. Kila jioni lile jasho lilirudi chini ya bodi, likakaa hapo, likangoja umeme. Kwenye bodi palikuwa na doa jeusi la ukubwa wa punje ya mtama.

"Nimeiharibu?" Mama Anzigari akauliza.

"Hapana, mama. Ni mimi niliyesema mwianike hivyo."

"Lakini mimi ndiye niliyefunika."

"Ulifunika kwa sababu nilisema kama kahawa."

Mwalimu Kastori hakumlaumu mtu. Alikaa kwenye kreti la soda, akaeleza jambo lililomleta. Ndani ya diski ile zilikuwamo alama za miaka miwili za wanafunzi arobaini na mmoja, alama zinazoingia kwenye matokeo yao ya mwisho. Zilitakiwa zifike wilayani Ijumaa. Nakala nyingine haikuwepo.

"Kuna mtu shuleni ameniambia niandike tu," alisema. "Nibuni. Nitabuni nini, Dada Skola? Huyu mama yuko hapa. Nimpe Anzigari ngapi?"

"Mpe mia," Mama Anzigari akasema.

Hakuna aliyecheka safari hiyo, hata yeye. Mimi niliacha shule kidato cha pili ili wengine watatu wasiache. Benno alimaliza, Fausta alimaliza, Deo alikwenda mbele kuliko wote. Najua mtoto anavyokaa kusubiri matokeo, kwa kuwa nimekaa naye mara tatu. Sasa watoto arobaini na mmoja walikuwa wamekaa hivyo kule Mbuji, nami nilikuwa nimewaanikia alama zao juani.

Bodi iliyoungua hubadilishwa kwa bodi ya namna moja nayo. Sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu ndipo wengi wanapokosea: namba ya diski kufanana haitoshi. Namba iliyochapwa kwenye bodi yenyewe lazima ifanane mpaka herufi ya mwisho. Na hata ikifanana, kuna chipu moja ndogo yenye miguu minane, inayobeba mambo ya diski ile peke yake. Hiyo mnaibandua kwenye bodi iliyoungua na kuihamishia kwenye ile nzima. Bila hiyo diski itazunguka lakini haitajijua.

Nilitafuta kwenye kabati lote. Nilizimwaga diski mbovu sakafuni, nikasoma bodi moja baada ya nyingine. Hakuna. Mzee Athumani alikuwa amesimama nyuma ya kaunta muda wote. Kisha akasema, "Diski kama hii zilikuja mbili kwenye boksi lile."

Nilijua. Nilikuwa nimejua tangu nilipoisoma namba, nikanyamaza. Moja niliifunga mimi kwenye mashine ya shule. Ya pili niliifunga kwenye mashine yake Mzee, nyuma ya duka. Ndani yake kulikuwa na video ya harusi ya binti yake, na katika harusi hiyo alikuwamo Bi Zuhura, mkewe, anatembea, anacheka, anaamrisha watu. Alifariki miaka miwili baada ya harusi. Picha za kusimama alikuwa nazo. Za kutembea zilikuwa hizo tu. Mtaniuliza kwa nini sikuwa nimemtengenezea nakala, mimi niliyewahubiria nakala wilaya nzima. Mganga hajigangi. Nilikuwa nasema nitafanya wiki ijayo.

"Mzee, hiyo hapana," nikasema.

"Utairudisha baadaye?"

"Nitairudisha. Lakini hapana."

"Skola," akasema, "yule hana haraka. Hawa watoto wana tarehe."

Akaenda nyuma, akaitoa mwenyewe. Alichukua muda mrefu kuliko kazi ya kutoa skrubu nne.

Nilifungua bodi yake. Chipu yake nikaibandua, nikaigandisha kwenye kipande cha karatasi ya gundi, nikaandika jina lake juu. Chipu ya shule nikaihamishia kwenye bodi ile. Nilifanya kazi nikiwa nimebana pumzi, na Mama Anzigari, ambaye hakuelewa ninachofanya, alikuwa amebana yake pia. Niliona midomo yake inasema Salamu Maria. Mzee Athumani alikuwa anahesabu tasbihi mfukoni. Ile chipu iliombewa pande zote mbili.

Nikawasha. Nikaweka bisibisi sikioni. Nyuki.

Diski ikatajwa. Folda ya alama ikafunguka, nikaanza kunakili kwenye flashi. Zilipomaliza, Mwalimu alizikagua jina kwa jina. Anzigari alikuwa na sitini na tatu katika hesabu.

"Nilidhani sabini," mama yake akasema.

"Nilimpa sabini ya jiografia."

Hapo ndipo nilipaswa kuzima. Ninyi mnaosoma, kile mlichokifuata kikishatoka, zimeni. Mwalimu akaniuliza kwa unyenyekevu kama kuna nafasi ya kutoa na mitihani ya zamani, na nyimbo za kwaya ya shule. Nilikuwa nimefurahi. Fundi aliyefurahi ni hatari. Nikasema haina shida, tuchukue zote. Zilikuwa nyingi. Na kompyuta ile nilikuwa nimeichomeka moja kwa moja ukutani, kwa sababu tundu la kile kifaa cha kutuliza umeme lilikuwa limechukuliwa na chuma changu cha kuchomea.

Umeme ukakatika. Ukarudi mara moja, kwa nguvu, kama unavyorudi hapa Mbinga. Taa ilinguruma, feni ya mashine ikapiga kelele, kisha tukasikia ule mlio mdogo ambao kila fundi anaujua hata akiwa usingizini. Harufu ya bodi ya Mzee kuungua ilifika baadaye.

Mwalimu Kastori aliishika ile flashi yenye alama kwa mikono miwili.

"Alama zimetoka?" Mzee Athumani akauliza.

"Zimetoka."

"Basi funga duka, tukale. Huyu mama ametoka Mbuji hajanywa hata chai."

Tukaenda kula wali na maharage kwa mama ntilie wa upande wa pili. Mzee alisimulia habari za redio za zamani, wageni wakacheka. Mimi sikumbuki kama nilimaliza sahani. Alama zilifika wilayani Alhamisi. Anzigari alifaulu, si kwa kishindo, lakini alifaulu, na Mwalimu Kastori tangu siku hiyo anatengeneza nakala tatu za kila kitu, moja anaiweka kwa padri.

Baada ya pale nilianza kutafuta bodi. Nimetafuta kwa miaka saba. Nimenunua diski mbovu kwa kilo kutoka Songea. Madereva wa malori ya kahawa waliniletea mabegi ya takataka kutoka Makambako, wakidhani nimeanza biashara ya shaba. Mara moja nilipata inayofanana yote isipokuwa herufi ya mwisho. Nilijidanganya kwamba herufi moja si kitu. Diski ya Mzee ilizunguka, ikagonga mara mbili, nikaizima kabla ya ya tatu. Sikulala vizuri wiki ile. Sijawahi kumwambia.

Fundi mmoja wa Dar es Salaam aliniambia kwa simu nimtumie diski, anaweza kuishughulikia bila bodi hiyo. Nilimpelekea Mzee habari hiyo nikiwa na matumaini. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwenye basi? Na nani?"

"Kwenye kifurushi, Mzee. Wanapokea stendi kule."

"Huyu hasafiri peke yake."

Nikamwambia basi twende wote, mimi na yeye. Akasema mgongo wake hauwezi njia ile. Ni kweli hauwezi.

Duka aliniachia, akahamia Mbaha kando ya ziwa, kwa binti yake yule aliyeolewa. Huwa nateremka kumwona. Kule joto linaifaa mifupa yake. Ananikaribisha kwa samaki, anawaulizia Benno, Fausta na Deo kwa majina, mmoja baada ya mwingine, anaulizia kazi. Habari ya diski hakuwahi kuitaja hata mara moja kwa miaka yote hiyo, na mimi kila safari nilikuwa naingia nikiwa nimeandaa jibu.

Diski yake iko kwangu, kavu, kwenye boksi lake. Chipu iko salama. Sasa siwezi tena kuihamisha kwa mkono huu, kwa hiyo kazi hiyo itakuwa ya mmoja wenu. Namba ya bodi nimeiandika kwa rangi nyeupe ndani ya mlango wa kabati la dukani. Msisome ya diski, someni ya bodi, mpaka herufi ya mwisho. Mkiiona popote, msinipigie simu kuuliza. Inunueni.

Nilipokwenda kumwambia kwamba naacha kazi, mwezi uliopita, tulikaa nje tumemaliza kula. Jicho moja la Mzee limeshapofuka, na lililobaki lina ukungu. Binti yake alikuwa ameingia ndani na vyombo. Akaniuliza, bila kunigeukia, "Skola, wewe uliiona ile harusi. Mama yenu Zuhura alivaa kanga ya rangi gani?"

Niliiona mara moja tu, siku ninaiingiza kwenye mashine, nikiwa na haraka, naangalia kama picha zinacheza.

"Nyekundu, Mzee," nikamwambia.

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema alidhani hivyo hivyo. Sijui kama ilikuwa nyekundu. Bodi bado sijamrudishia.